Insha ya Mkandaji wa Mkate

Nilikuwa nakanda mkate jikoni kwa Bibi Ormerod, mke wa mwenye kiwanda cha pamba. Jumanne na Alhamisi jioni nilimwachia mama binti yangu Winnie, nikaenda darasani. Mwalimu wetu, Bwana Threlfall, alimtaka kila mmoja achague neno moja la Kiingereza na kueleza lilikotoka. Mwenye insha bora angepata nafasi ya chuo cha ualimu. Niliitaka nafasi ile, kwa ajili ya Winnie, mpaka nikawa naiota.

Nikachagua "lady". Kamusi ya maktaba iliniambia kwamba kale sana lilikuwa neno la mwanamke anayekanda mkate. Kisha likapanda cheo: likawa la bibi mwenye nyumba, likawa la mke wa kabaila. Siku hizi limebandikwa hata kwenye mlango wa choo cha stesheni. Nilicheka peke yangu, unga umenijaa mpaka viwikoni.

Chuo kilidai barua ya tabia kutoka kwa mwajiri. Bibi Ormerod akasema, "Niachie na hiyo insha, Hetty, nijue namsifia nani."

Ikakaa kwake wiki mbili.

"Shoga, hiyo labda kashafungia jibini," mpishi Martha alinitania.

Mwishowe ikarudi, na barua juu yake: Hetty ni msafi, haibi, hachelewi.

Niliposimama darasani kuisoma, Bwana Threlfall alinikatiza kabla ya ukurasa wa pili.

"Haya niliyasikia Jumamosi kwenye chama cha akina mama wa kanisa. Bibi Ormerod aliyasoma, neno kwa neno."

"Ni yangu, mwalimu. Nilimwazima aisome."

"Wewe? Umwazime yeye?"

Darasa likaangua kicheko.

"Basi mwambie aniandikie hivyo," akasema.

Asubuhi nikamwomba Bibi Ormerod. Hakukasirika hata kidogo. Alinishika bega.

"Jamani, Hetty. Wale akina mama wangekaa kumsikiliza nani, wewe? Si utaandika nyingine? Una kipaji, mwanangu."

Hakuandika kitu. Nafasi ikaenda kwa karani wa posta.

Nililia siku mbili, nikiwa namnyonyesha Winnie. Septemba nikajiandikisha upya. Bwana Threlfall akaniuliza safari hii nimechagua neno gani.

"Utalisikia siku ya kusoma," nikamjibu.