Jina Kwenye Fomu ya Fidelis

Nilichoona kwanza ni kamba. Ilikuwa mpya, ya katani, imetundikwa msumarini ndani ya ofisi ya kata ninayofagia.

Asubuhi hiyo mtendaji wetu, Bwana Ernest, aliwasomea wajumbe barua ya wilaya. Sheria mpya imekuja: mtu aliyeugua akili, au aliyeharibiwa na pombe, anaweza kupelekwa hospitali hata akikataa, mradi ndugu yake aombe kwa fomu. Kila kata ieleze imejiandaaje.

"Gari tunalo?" aliuliza Mzee Pazi, mwenyekiti wa kijiji.

"Hatuna, mzee."

"Machela?"

"Imevunjika. Kamba ipo."

"Hiyo si ya kufungia mbuzi? Basi waandikie kwamba kwa mbuzi tuko tayari."

Walicheka. Mimi sikuweza, maana nilijua wa kwanza atakuwa kaka yangu Fidelis. Alikuwa hajalala siku nane, anakunywa gongo, anasema redio inamtaja jina. Juzi yake alichoma jiko letu, na baba alikuwa ndani. Alitoka salama, ila nyusi ziliungua.

Baba aliitwa akasaini. Wanaume sita wakaambiwa wakamchukue Fidelis. Hakunyanyuka hata mmoja.

"Mjomba wake kasemaje?" aliuliza jirani yetu Alois.

"Baba mzazi amesaini, mnataka nini tena?"

"Mtendaji, wewe umetoka Bukoba. Huku kwetu mtoto ni wa ukoo wa mama. Tukimgusa kwa neno la baba tu, ukoo mzima utatujia juu."

Baba aliinamisha kichwa, hakubisha. Mama alishafariki, na Mjomba Kondo anaishi Kisaki, mbali mno kumsubiri.

Mzee Pazi akanigeukia. "Huyu si tumbo moja na Fidelis? Unasemaje, mwanangu?"

Nilichukua kalamu. Niliishia darasa la tano, lakini jina langu naliandika vizuri. Nikaliandika chini ya la baba. Kisha nikaitungua ile kamba, nikaitupa nje migombani. Hakuna aliyeniuliza.

Wale sita wakanyanyuka, tukamshusha kwa miguu hadi barabara ya Morogoro, mimi nimemshika mkono, Alois akimtania kwamba anakwepa kulima. Mara mbili alichomoka, mara mbili wakamrudisha kwa mikono yao. Alilia. Mimi pia.

Baada ya miezi mitatu hospitalini alirudi amenenepa. Sasa anachuma pilipili manga, anameza dawa zake bila kukumbushwa, na akilala anakoroma hadi chumbani kwangu. Nikimsikia nafurahi.

Jana tulipokuwa tunakula aliniuliza, "Ile fomu alisaini nani? Mjomba, eh?"

"Kula, kaka, ugali unapoa."

Kaka Fidelis, mjomba alipata habari wiki mbili baadaye. Niliyeandika ni mimi. Nilikuwa nakuogopa, kaka, na nilitaka urudi.