Cheti cha Wanaoanza

"Wewe fundi cherehani, mambo ya vyeti umeyajulia wapi? Achukue kile kikubwa!"

"Akibebe na nini, Mwalimu? Aanze na kidogo, haba na haba!"

Binti waliyemgombania majirani hao alikuwa kizingitini, kompyuta magotini, roho juu. Usajili wa mitihani ya vyeti hivyo ulikuwa unafungwa jioni ile, na bila cheti nafasi ya meneja wa miradi ingemponyoka tena. Kile kikubwa kilidai bosi athibitishe kwamba amewahi kuongoza miradi. Alishaiongoza, tena kwa jasho, ila kazini waliendelea kumwita msaidizi, na bosi tangu asubuhi hapokei simu. Kidogo kilikuwa cha wanaoanza. Aanze nini tena, jamani?

"Basi!" akafoka. "Mnanichagulia kama nguo, wakati mvaaji ni mimi!"

Akabonyeza kile kidogo, meno kayauma. Nafasi angeiomba, lakini kwa cheti cha anayeanza.

Fundi akajikohoza. "Si nilisema?"

"Nyamaza, mbea wewe," Mwalimu akamkata, akisukuma mlango wake. "Mwanangu, hasira hazishibishi. Ingia tule. Na wewe fundi, ingia, ila mdomo uuache nje."