Giaboksi Iliyogoma Mafinga

Demetria alichoka kuonekana mwongo. Gari lao la otomatiki lenye kitanda na jiko ndani, ambalo mumewe Adelard alilinunua ili waende kwao Njombe bila kulala gesti, liligoma kubadili gia kila wakikutwa na asubuhi ya baridi. Injini ilinguruma, gari likatambaa, malori yakawapigia honi nyuma. Lakini wakilirudisha Dar, kwa fundi Haroub pale Mwenge, lilikwenda kama jipya.

"Dada, giaboksi hii nzima kabisa," Haroub alisema tena, akijifuta jasho. "Labda mguu wako ndio mzito."

"Mguu wangu?" Demetria alishika kiuno. "Basi funga gereji. Tunakwenda wote Mafinga, ukajionee."

Haroub alidhani ni utani, mpaka Adelard alipomfungulia mlango.

Asubuhi yake Mafinga ilikuwa imemezwa na ukungu. Haroub alikaa kwenye usukani amejitanda blanketi, akawasha gari, akakanyaga mafuta. Lilinguruma likabaki gia ileile. Akajaribu tena, meno yakigongana.

"Kumbe kweli, dada. Oili iliyomo kwenye giaboksi siyo yake. Ikipigwa na baridi inakuwa nzito kama uji."

"Nani aliiweka?"

Haroub aliutazama ukungu. "Mie."

Demetria alitamani kupiga kelele, lakini aliishia kuguna. Alimrushia koti la Adelard, akamtuma mjini akatafute oili sahihi kwanza, chai baadaye. Kabla ya saa sita walikuwa wanapanda kuelekea Njombe, na gia zinaingia bila kubembelezwa.