Nafasi ya Tabia

"Mkaidi. Andika hivyo," alisema mwalimu mkuu, akigonga kalamu kwenye nafasi ya tabia katika ripoti.

Mwalimu wa darasa la tatu hakuandika. Mezani palikuwa na karatasi ya mtihani ya binti mmoja, tupu kabisa isipokuwa jina lake, herufi zimepanda juu kama zinapanda mlima.

"Mwalimu mkuu, huyu bado yuko kwenye silabi. Nilitunga mitihani mitatu, kila kundi na wake. Wewe ukanirudishia mmoja."

"Watoto sabini na wawili, mitihani mitatu! Karatasi nitoe wapi? Darasa moja, mtihani mmoja."

"Basi tazama hizi." Akamtandazia karatasi nne za dawati la nyuma. Swali la sita, wote wanne walikuwa wameandika kwamba ng'ombe hutaga maziwa, na wote wanne wameandika "maziya". "Hawa wameangaliziana. Nao niwape tabia njema?"

"Wametulia, hawasumbui mtu. Huyo wako kakunja mikono saa nzima ananikodolea macho nikisimamia mtihani. Kama si ukaidi ni nini?"

"Siandiki."

"Basi naandika mwenyewe."

Akaandika, akagonga muhuri, akavuta ripoti nyingine. Mwalimu akatoka amefura. Miaka kumi na mmoja kazini, na bado hajui kubishana bila sauti kutetemeka.

Darasani binti alikuwa akimsubiri kwa kipindi chao cha kusoma, kama kila siku baada ya wenzake kuruhusiwa.

"Wewe, kwa nini hukuangalizia kwa mwenzako?" Swali lilimtoka kwa ukali, hata yeye mwenyewe akashtuka. "Angalau ungeandika kitu!"

Binti akainama, akakwaruza ukingo wa dawati kwa ukucha.

"Ningeangalizia, mwalimu, ungejuaje kama sijui?"

Mwalimu akasogea dawatini kwake. Akajibana kwenye benchi la watoto, magoti yakigusa dawati, akafungua kitabu ukurasa walioishia jana. Nje watoto wengine walikuwa wakikimbia kwenda nyumbani, wanapiga kelele.

Binti akaweka kidole chini ya neno.

"Mwa..."

Akakwama. Jasho likamtoka puani. Neno lilikuwa kwenye ncha ya ulimi wa mwalimu. Akauma mdomo, akangoja.

"Mwa," alirudia binti, na kidole kikasogea kidogo mbele.