Mke wa Muuza Maziwa

Nilisikia ubavu wa mke wangu ukivunjika mikononi mwangu. Ulilia mara moja, sauti ndogo, kavu, kama kijiti kinachokanyagwa uani, na kwanza sote wawili tulicheka tukidhani ni kifungo cha shati langu kilichokatika. Muda mfupi kabla yake simu ilikuwa imelia: binti yetu, huko alikoolewa, amejifungua salama mtoto wa kiume. Nikamkumbatia mama yake pale pale jikoni, nikamwinua juu kama tulivyokuwa tukifanya siku za ujana wetu, maana alikuwa mwepesi, mwepesi kuliko nilivyopata kumjua. Kisha kicheko kikamkauka. Akanishika bega.

"Niteremshe," akasema. "Polepole, mzee wangu."

Nilimteremsha. Tangu siku hiyo sikumwinua tena.

Wakati huo nilikuwa nimeuza maziwa karibu nusu ya umri wangu. Duka lilikuwa mbele, nyumba nyuma, na kati yake mlango mmoja usiofungwa. Asubuhi gari la wafugaji lilishusha makopo. Nikayapima maziwa, nikayachuja kwa kitambaa cheupe, mengine nikayachemsha na kuyaacha yagande. Mke wangu alisimama nami mezani. Alikuwa mwanamke wa kujaa, mwenye mikono minene na sauti nene zaidi, na kila siku akishapanga vikombe alijikwangulia utando wa juu wa sufuria, akaula kwa kijiko huku amefumba macho. "Mshahara wangu ndio huu," alikuwa akisema. "Anayetaka kunikata na aje."

Mama yake alipofariki, aliacha.

Sikuyaona mabadiliko yakianza; nani huona kucha zikikua? Kwanza aliacha utando. Kisha mtindi, jibini, siagi. Kisha maziwa ya chai, na chai yenyewe ikawa maji ya moto na kipande cha limau. Mchana majani ya kabichi, jioni hana njaa. Nilipomuuliza alinijibu kwamba maziwa yananenepesha, hilo kila mtu analijua, tuongee mengine. Kilo zikamtoka. Alipeleka nguo kwa fundi zikapunguzwe, na kabla hazijazoea mwili akazirudisha zipunguzwe tena. Sifa nazo zikamiminika. Wanawake waliokuja na chupa zao walimgeuzageuza kama kitambaa kipya: umerudi usichanani, tupe siri na sisi! Nami nilisimama nyuma ya meza nikijiona mwanamume mwenye bahati. Ni jirani yetu mmoja tu, bibi muuza kuni, aliyemtazama kwa muda akatikisa kichwa.

"Mfinyanzi hulia gaeni," akasema. "Mke wa muuza maziwa, na amekauka kama kuni zangu!"

"Kuni za bibi haziuzwi mbichi," mke wangu akamjibu, na duka zima likaangua kicheko.

Miaka ikapita hivyo, mingi, na mimi nikaiita furaha.

Siku ile ya ubavu, hospitalini tulimkuta daktari mwanamke, kijana, mwenye sauti ya chini. Aliinua picha ya mifupa kwenye mwanga wa dirisha. Mimi nimezoea kuyakagua maziwa kwa jicho. Yaliyotiwa maji huwa na ubuluu hafifu ukingoni. Mifupa ya mke wangu ilikuwa na rangi hiyo hiyo.

"Mzee, mifupa ya mama imekuwa kama mkate mkavu," akasema. "Si ubavu tu. Tazama hapa kwenye uti wa mgongo. Pingili zimeanza kubonyea."

"Haiwezekani, daktari. Mimi nauza maziwa."

"Yaliyo dukani hayaingii mfupani, mzee wangu."

Hakusema kwa dhihaka. Alinieleza taratibu kwamba sababu si moja. Kuna umri, kuna hedhi kukatika, na kuna njaa ya miaka mingi. Mwili usipopata kalsiamu ya kutosha kwenye chakula huichota mifupani, kimyakimya, na mwenye mwili hana habari. Kutaka kupungua si kosa, akasema. Lakini angeweza kula kwa kiasi, akatembea, na akaendelea kunywa maziwa, hata yale yaliyotolewa mafuta.

Yale yaliyotolewa mafuta. Kila siku, nikishaondoa krimu, ndoo nzima ya maziwa hayo ilibaki pale dukani. Yalikuwa hayana wanunuzi. Nilimpa mfuga kuku wa mtaa wa nyuma, bure, na kuku wake walikuwa na miguu kama nguzo.

Tulirudi nyumbani na dawa. Asubuhi na jioni nikawa nampelekea kikombe chumbani, naye akikipokea kwa mikono miwili kama mgeni mwenye adabu. Nikirudi, nakikuta kitupu. Nikafarijika.

Binti yetu alikuja mtoto alipokuwa na miezi michache, mapaja yake yamejaa mikunjo. Alimnyooshea mama yake mtoto amshike. Mke wangu akairudisha mikono yake nyuma, haraka, kama aliyegusa sufuria ya moto. Daktari alikuwa amemkataza kubeba vitu vizito, na yule mtoto alikuwa mzito.

"Mlaze hapa," akasema akipigapiga godoro. "Bibi atamwangalia."

Mtoto alishika kidole chake, akakivuta kuelekea mdomoni. Mke wangu alimwacha anyonye kidole kile kisicho na kitu, na binti yangu akageuka akajifanya anakunja nepi.

Siku walipoondoka nilizunguka nyuma ya nyumba kuanua nguo zilizosahauliwa kwenye kamba. Mimi ni mtu wa maziwa. Harufu ya maziwa yaliyoharibika siikosi. Ilitoka chini ya dirisha la chumba chetu. Udongo pale ulikuwa umefanya gamba jeupe, na sisimizi walikuwa wamejipanga kama watu wa msibani.

Niliingia ndani nikaketi ukingoni mwa kitanda.

"Kumbe hunywi," nikasema.

Hakukana.

"Wewe ulikuwa mbele ya jeneza la mama," akasema. "Hukusikia."

"Sikusikia nini?"

"Wabebaji waliposhusha jeneza wapumzike. Mmoja wa nyuma akajifuta jasho, akasema, 'Huyu marehemu alikuwa hamwachii paka kitu.' Wenzake wakacheka. Walicheka, mzee wangu, na mama yangu yumo ndani."

Nilitaka kumwambia kwamba yule mtu alikuwa mpumbavu, na pengine naye keshakufa na kubebwa. Lakini yale maneno yalikuwa yamekaa ndani yake miaka yote hiyo, yakila asichokula yeye. Nikachukua kikombe, nikanywa nusu, nikamkabidhi iliyobaki. Alikitazama kama mtu anayetazama kisima. Akanywa. Kesho yake tukafanya vivyo hivyo, na kesho kutwa, na sikuondoka tena mpaka kikombe kiishe.

Daktari alikuwa ametuonya: tutaweza kuzuia, kurudisha ni vigumu. Mgongo ulipinda. Kimo kikapungua, kidogo kidogo. Nilishusha rafu ya vikombe. Nikashusha ndoano ya taulo. Mchana mmoja aliniita bafuni, akaniambia kwamba kwenye kioo anaona paji la uso tu, na anahisi anachunguliwa na mtu mwingine.

Nikaleta nyundo, nikakishusha kiasi cha kiganja kimoja. Alisogea, mkono mmoja ukutani, akajitazama. Akapapasa mashavu. Vidole vikashuka shingoni, vikapita juu ya mifupa ya mitulinga iliyotokeza kama mpini, vikatulia hapo. Nikangoja aseme lolote kuhusu mvi, au mgongo.

"Niambie kweli," akasema. "Hayo maziwa yako. Yameninenepesha?"

Nilikuwa nimebana misumari midomoni. Nikaitoa.

"Hapana, mama."

"Hata kidogo?"

"Hata kidogo."

Akashusha pumzi, uso wake wote ukalegea kwa nafuu, na akatabasamu kwenye kioo. Dukani mteja alikuwa akigonga meza kwa chupa tupu. Nikaenda kumhudumia.