Mpaka Iteme

Siku chupa za grisi zilipofungwa, mume wangu na kaka yangu walipigana mbele ya kiwanda kizima, na mimi ndiye niliyewamwagia maji. Walikuwa mashemeji wa kutaniana miaka yote. Kaka akimwona mume wangu anamuuliza kama bado hajachoka kugombezwa, mume wangu anamjibu kwamba angekuja kunirudisha ila gari limekosa mafuta, nami nawatukana wote wawili. Asubuhi ile hakuna aliyetania.

Kaka alikuwa mtu wa grisi. Kiwanda chetu kinavunja mawe kuwa kokoto, na mashine kubwa tunayoiita krasha ina gurudumu zito la chuma kila upande, linalozunguka juu ya beringi pana kuliko sufuria la nyumba yenye watoto wengi. Beringi ikikosa grisi inaungua, ikiungua krasha inakwama, na krasha ikikwama sote tunarudi nyumbani. Kazi ya kaka ilikuwa kuingia nyuma ya wavu wa kinga mashine ikiwa inatembea, kupenyeza mkono kati ya gurudumu na mkanda, kuchomeka bomba lake kwenye tundu la grisi na kupampu. Alipampu mpaka iteme. Wapaka grisi wote wa pale walifundishana hivyo: grisi mpya ikiingia, ya zamani inatoka pembeni nyeusi, na hapo unajua beringi imeshiba. Kama haijatema, hutoki. Kwa mtindo huo gurudumu lilikula vidole vyake viwili vya mkono wa kushoto, watu wakambandika jina la Vitatu. Mjinga yule alilipenda. Alilivaa kama cheo.

Mimi ndiye ninayeendesha krasha. Nakaa kwenye kibanda cha juu chenye dirisha la kioo, nawasha, nazima, naangalia mawe yanavyoingia. Vile vidole niliviokota mimi, nikavifunga kwenye kitambaa changu cha kichwa, nikakimbia navyo hospitali kama mwendawazimu, na daktari akanitazama kwa huruma akaniambia nikavizike. Tangu hapo nilikuwa na hofu moja tu duniani: nisije nikaokota na mkono.

Kwa hiyo mume wangu, ambaye ni fundi mkuu wa kiwanda, alipoleta zile chupa, nilitaka kumbusu hadharani. Ni kikopo cha plastiki kinachoonyesha ndani, kimejaa grisi, na juu ya grisi kuna gesi inayoisukuma polepole, tone kwa tone, usiku na mchana. Kikopo kinafungwa nje ya wavu, na kijibomba cha shaba kinaipeleka grisi hadi kwenye beringi. Hakuna mkono unaoingia. Wafanyakazi waliviangalia mara moja tu, wakavipa jina la chupa za maziwa.

"Krasha imepata yaya," mmoja akasema. "Vitatu akatafute mtoto mwingine wa kunyonyesha."

Kaka akasogea mbele, bomba lake la grisi likiwa begani. "Shemeji, mimi unaniweka wapi?"

"Nakuweka nje ya wavu," mume wangu akamjibu, "ukiwa na mikono yako yote."

"Na beringi ataisikiliza nani?"

"Haitaki kusikilizwa. Inataka kulishwa."

Watu wakacheka. Kaka akachukua nyundo, akaitwanga chupa ya kwanza, na grisi ikamrukia mume wangu usoni na mdomoni. Mume wangu hakujifuta. Alirusha ngumi, ikamkuta kaka chini ya jicho, wakaanguka wote juu ya kokoto na kuanza kupigana kama watu wasiojuana, magoti, vichwa, meno. Kaka alimng'ata sikio. Mume wangu alishika konzi ya kokoto na kumsugulia usoni. Nikawamwagia ndoo ya maji machafu, kisha nikawapiga na hiyo ndoo, na hapo ndipo wenzetu walipoona haya wakaja kuwaachanisha.

Tajiri, mwenye kiwanda, hakumfukuza kaka. Alimpa kazi ya kufagia chini ya mikanda. Kwa mtu mwingine ingekuwa nafuu, kwa kaka ilikuwa tusi. Akawa anafagia bila kumsalimu mtu, na akifika karibu na krasha anasimama, anainamisha kichwa, anasikiliza.

Haikupita muda beringi ya upande wa kulia ikaanza kuchemka. Ukiligusa kasha lake kwa kiganja unakitoa mbio. Mume wangu akabadilisha chupa, akapuliza kijibomba, akaona grisi inapita vizuri, na bado beringi inachemka. Kaka akazungumza kwa mara ya kwanza tangu ugomvi.

"Ina njaa," akasema, kwa sauti ya kutosha kila mtu asikie. "Nani ameiona ikitema tangu mlete hayo makopo? Hata mara moja? Mnaiua."

Jioni, nyumbani, mume wangu alikuwa anakula huku sikio lake bado lina bandeji. "Haitemi kwa sababu inapata kiasi chake," akaniambia. "Ikijazwa kupita kiasi ndipo inapochemka, maana grisi inakosa pa kwenda, inasagwa humo ndani mpaka inakuwa uji. Kuna mtu anaishindilia."

Hakumtaja. Hakuwa na haja.

"Nikimkuta humo ndani, nitamvunja," akaendelea. "Wallahi, mama watoto, nitamvunja."

"Lile tundu la zamani, la nyuma ya wavu, uliliziba?"

Akatafuna tonge lake muda mrefu. "Nitaliziba."

Huyo ndiye mume wangu. Anaweza kukueleza grisi inavyosafiri ndani ya kijibomba kama vile yeye ndiye grisi yenyewe, lakini kuziba tundu kwa bolti moja ni nitaliziba. Nilimnyang'anya sahani, nikaimwaga, nikaenda zangu kwa kaka.

Nilimkuta amekaa kitandani na singlendi. Chumba kizima kilinuka grisi, na mtu anayefagia kokoto hanuki grisi. Nikamshika singlendi kifuani.

"Unaingia humo?"

"Naingia wapi?"

Nikamzaba kofi. Ni mkubwa wangu, na sikuwahi kumzaba kofi maishani, lakini mkono ulikwenda wenyewe. Alicheka kidogo, damu ikamtoka kwenye kidonda cha zamani cha mdomo.

"Beringi ile nimeilisha kabla hujaolewa, mdogo wangu. Leo unataka niipite inalia, nijifanye sisikii?"

"Hailii njaa, imevimbiwa! Wewe ndiye unayeivimbisha!"

"Hayo ni maneno ya mume wako."

"Kaka, nakuomba. Nikupigie magoti?"

"Kalale," akasema, akanigeuzia mgongo.

Kesho yake, saa ya chai, watu walishuka kwenda kwenye kivuli. Krasha hatuizimi saa hiyo. Tunaiacha izunguke tupu, kwa sababu kuiamsha upya kunaiumiza mota. Nilikuwa kibandani, kikombe mkononi, nikaona mlango wa wavu wa upande wa kulia uko wazi.

Nilibonyeza kitufe chekundu hata kabla ya kufikiri. Mota ikanyamaza. Lakini gurudumu lile halina breki. Ukilizima linaendelea na mwendo wake kwa uzito wake wenyewe, linapunguza likitaka. Nilishuka ngazi nikiteleza, nikapita penye zana, nikabeba mtaimbo. Sikujua ninauchukulia nini. Ukitaka ukweli, nadhani nilikuwa nautaka wa kumzuia nao mume wangu, kwa maana nilikuwa nimemwona naye anakimbia kutokea upande wa pili, na uso wake nilikuwa naufahamu.

Alitangulia kufika. Kaka alikuwa amelala ubavu ndani ya wavu, mkono wa kulia umezama mpaka begani kati ya gurudumu na mkanda, ule wenye vidole vitatu ukipampu kwa nguvu. Beringi ilikuwa inalia kweli, mlio wa kutoboa masikio, na moshi wa buluu ulishaanza. Mume wangu akamrukia mgongoni, akampiga ngumi ya shingo, ya pili, ya tatu, kisha akamkaba kola na kumvuta. Ndipo kaka alipofanya kosa la mtu aliyezoea kuvutwa na watu, siyo na mashine: alishikilia. Alikamata bolti ya kasha la beringi kwa vidole vya ule mkono wa ndani na kugoma kutoka. Kila mume wangu alipovuta, kiwiko kilisogelea mkanda. Mkanda ukala mkono wa shati. Ukala ngozi. Niliona damu ikirushwa ukutani kwa mstari.

"Achia!" nikapiga kelele.

"Bado haijatema!"

Hivyo ndivyo alivyosema. Mkono unachunwa, shemeji amemkalia mgongoni, naye ananiambia bado haijatema.

Nikainua mtaimbo na kumpiga juu ya kiwiko, kwa nguvu zangu zote. Sikulenga kumtisha. Nilipiga kuvunja, na mfupa ulivunjika. Niliusikia kupita kelele zote zile. Vidole vikaachia. Mume wangu akaanguka kinyumenyume naye, wakatoka nje ya wavu wote wawili.

Ungedhani yameisha. Mume wangu akasimama, akaanza kumpiga mateke mtu aliyelala chini na mkono umepinda pasipopindika. Teke la mbavu, teke la tumbo, huku anatukana ukoo mzima, pamoja na mimi. Nikamgeuzia mtaimbo. Nilimpiga mapajani, akapiga magoti, nikamwekea ncha yake kooni.

"Mguse tena," nikamwambia. "Mguse, nikuue. Tundu lile ungeliziba lini? Ungeliziba lini, mwanaharamu wewe?"

Na hapo beringi ikakwama. Gurudumu lilisimama ghafla kwa kishindo kilichotikisa ardhi, mkanda ukakatika, ukafyatuka na kuupasua wavu kama karatasi, pale pale kaka alipokuwa amelala. Grisi iliyoyeyuka ikaruka nyeusi, inachemka, ikatapakaa ukutani juu ya ile damu. Mawe madogo yakaendelea kuporomoka kwa muda, kisha kukawa kimya, na watu wa kwenye chai wakawa wamesimama na vikombe vyao.

Tulimpakia kaka nyuma ya gari la kokoto. Mume wangu aliendesha, mguu mmoja haukunjiki. Mimi nilikaa nyuma, nimemlaza kaka kichwa mapajani, nimeufunga mkono wake kwenye ubao kwa kitambaa changu cha kichwa. Ulikuwa umevimba na kuchubuka kuanzia kiwiko hadi kiganja, lakini ulikuwepo wote. Nilivihesabu vidole, nikavihesabu tena. Nilikuwa nalia na kucheka, na ninasema wazi kwamba ningeuvunja tena, hata leo, hata mbele yako.

Kaka alifumbua macho. Alinitazama muda mrefu, bila hasira yoyote, na hilo ndilo lililoniumiza.

"Ungeuacha uende, mdogo wangu," akasema. "Ungekwenda, ningekuwa mtu aliyepotezea mkono kazini. Sasa ninao, na kazi ya kuufanyia sina."

Nikamzaba kofi la pili maishani mwangu. Kisha nikamshika kichwa kwa mikono yote miwili asigonge bodi ya gari, maana barabara ile ina mashimo mpaka hospitali.