Kanze na Msasa wa Maji

"Taratibu, Kanze! Hapo husugui magaga ya mguu!"

Kanze alikuwa amechuchumaa uani tangu alfajiri, leso kaifunga kibwebwe, anasugua ubavu wa tuktuk yake kwa msasa wa maji. Anachovya ndooni, anasugua, anapitisha kidole, anachovya tena. Aliyekuwa akimkemea ni Abdulwahab, jirani yake, fundi wa kupuliza rangi. Juzi alikuwa ameipuliza tuktuk papo hapo uani, kwa kompresa ya kuazima: rangi ya damu ya mzee, na klia, vanishi angavu ya kuikinga, juu yake. Ilikuwa imekauka na vinundu kama ganda la chungwa. Msasa ulitakiwa kuvilaza vinundu, kisha ifuate polishi.

Na ilikuwa lazima yote yaishe asubuhi hiyo. Hoteli moja ya Diani ilikuwa ikichagua tuktuk chache za kuingia getini kuchukua wageni, na ukaguzi ungefungwa adhuhuri. Atakayeingia atakula na kusaza. Atakayebaki nje atagombania abiria wa Ukunda, na petroli ndiyo hiyo inapanda kila ukilala ukiamka. Juma lililopita msimamizi wa geti, Dishon, kijana wa bara, aliitupia tuktuk ya Kanze jicho moja tu. "Madam, hii imepauka. Wageni wanataka kitu inang'aa."

Basi ingeng'aa! Kanze alikuwa na hamu hiyo mpaka mikono ikimwasha.

Maji yalikuwa taabu. Ya kisima yana chumvi, yakikauka huacha michirizi myeupe. Ya mkokoteni yalikuwa yamepandishwa bei tena. Mavyaa wake, Bi Sidi, ndiye aliyeburura pipa lake la maji ya mvua, maji aliyoyaficha kwa ajili ya chai yake.

"Chukua, mwanangu. Leo gari linywe, sisi tumeze mate."

Sasa, msasa wa maji una kituko chake. Ukiufanya vyema, rangi hufifia kwanza, ikawa na ukungu kama kioo kilichopumuliwa. Abdulwahab alilijua hilo. Kanze alilijua. Bi Sidi hakuna aliyemwambia.

Wale wawili walipoingia ndani kutafuta polishi na fulana kuukuu, bibi alitoka jikoni akaiona tuktuk imefubaa yote. Akashika kinywa. Akafanya anachofanya mwanamke yeyote wa huko akiona chombo kimepoteza nuru: akatwaa kumbi la nazi, akalichovya kwenye jivu, akaliendea tako la tuktuk kwa mkono ule ule uliong'arisha masufuria ya arusi za kijiji kizima.

Krrr! Krrr!

Kanze alitoka mbio, nusura akanyage kuku. "Mama! Mama, wacha!"

"Nakusaidia! Hamuoni limeota ukungu?"

Palikuwa na mikwaruzo utadhani majogoo wawili wamepigania punje. Abdulwahab alipiga magoti akapitisha ukucha juu yake. Akapitisha tena.

"Haijazama sana," alisema fundi. "Klia ipo bado, ila imebaki nyembamba. Tukizidisha kidogo tu, chuma kitatuchungulia."

Wakarudi kusugua, msasa wa makali kwanza, kisha ule mororo. Bi Sidi alijikalia juu ya mbuzi ya nazi, mikono mapajani. "Nami nimetulia. Sigusi hata nzi."

Kisha polishi. Kanze alizungusha fulana, akazungusha, jasho likimdondoka puani, na ghafla pakatokea duara dogo jeusi-jekundu, linameremeta kama maji! Akapiga yowe. Duara likawa sahani, sahani ikawa sinia, sinia likawa tuktuk nzima. Mawingu yalikuwa mlangoni. Minazi ilikuwa kwenye madigadi.

Bi Sidi aliinama. "Ni nani huyu kizee aliyemo humu?"

"Ni wewe, mama."

"Mwongo! Mimi bado." Akapiga kigelegele kilichowatoa majirani wote nje.

Kanze alifika hotelini jua likiwa bado upande wa bahari. Dishon alitoka kibandani, akavua miwani, akaizunguka tuktuk, akajitazama meno kwenye mng'ao wa mlango wake, akanyoosha tai.

"Wacha! Madam, imewaka! Umefanyia wapi?"

"Nyumbani."

"Nyumbani, gereji gani?"

"Uani, karibu na jiko."

Uso wa Dishon ukanywea. Akakohoa. "Sasa shida ndiyo hiyo. Inang'aa sana. Jua ikipiga hapa, wageni wataumia macho."

"Juma lililopita si ulisema imepauka?"

"Ndiyo. Na sasa imezidi. Inatakiwa katikati."

"Hiyo katikati inapatikana wapi, kaka yangu?"

Dishon alitazama nyuma, akashusha sauti. "Kuna gereji hapo mbele, ya shemeji ya meneja. Wakikupaka wao, itakuwa tu sawa."

Kanze alichungulia ndani ya geti. Tuktuk zilizopakwa gereji hiyo zilikuwa zimejipanga kivulini, na ya kwanza rangi yake ilikuwa imechuruzika ikagandia njiani, kama kamasi za mtoto. Kanze akacheka. Alicheka mpaka Dishon akajitazama asije akawa ameacha zipu wazi.

"Ahsante, kaka. Siku njema."

Akatoka, akavuka barabara, akageuza, akasimama ng'ambo, uso wa tuktuk ukielekea getini.

"Madam! Hapo hapana!"

"Hii barabara ni ya nani?"

"Ya... ya serikali."

"Basi iite ije inikague."

Akasogea mbele kidogo, akarudi nyuma kidogo. Mwanga ukaruka kutoka kwenye rangi, ukampiga Dishon machoni, akajikinga kwa mkono. Kanze akasogea tena. Mwanga ukapita juu ya kizuizi, ukapita tuktuk za kivulini, ukapanda ukuta mweupe wa mapokezi. Wafagiaji wakasimama na mafagio yao, mmoja akaanza kucheka. Ndani, mtu aliyevaa suti, bila shaka meneja mwenyewe, akainuka kitini, mwanga umemjaa usoni, akivuta pazia huku na huku.

Kanze akatia gia, akasogea kidogo tena.